Jina Lile Lile, Sanduku Jingine

Kijana wangu uliyetoka hapa Kiambere kwenda kushika kazi ya kompyuta ofisini, iwe Embu mjini, Meru au Nairobi, nisikilize. Ipo siku utaletewa lalamiko la kuumiza kichwa. Mfanyakazi aliondoka, akaunti yake ikafutwa, kisha akarudishwa kazini. Umemfungulia sanduku jipya la barua pepe, kwa jina lile lile na anwani ile ile. Mteja wa nje akimwandikia, barua inafika. Mhasibu wa chumba cha pili akimwandikia, inabaunsi.

Wengi hapo humgeukia mhasibu na kumwambia amekosea anwani. Mzee wa watu hajakosea chochote.

Kwetu Mbeere, kama ilivyo kwa ndugu zetu Waembu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Jina linarudi bomani na watu wanafurahi. Lakini mjukuu akitimiza miaka 18 huenda kuchukua kitambulisho chake, chenye namba yake mwenyewe, na hakuna benki itakayompa pesa kwa namba ya babu. Exchange, mfumo wa Microsoft unaobeba barua za ofisi nyingi, nao haumjui mtu kwa jina. Humtambua kwa anwani ya ndani iitwayo LegacyExchangeDN, ambayo mwenye sanduku huenda asiione maisha yake yote. Sanduku likifutwa, anwani hiyo huondoka nalo. Ukiunda jingine, linapewa yake mpya, hata kama jina hukubadilisha herufi moja.

Sasa itazame Outlook ya mhasibu. Akiandika herufi mbili tatu, programu inamletea jina alilolizoea, na nyuma ya jina hilo imehifadhiwa anwani ya ndani ya zamani. Akijibu barua ya mwaka jana, au akibadilisha saa ya mkutano uliopangwa zamani, ni hadithi hiyo hiyo. Mteja wa nje hutumia anwani ya kawaida, ile yenye alama ya @, ndiyo maana barua yake inapenya. Ukiona za nje zinaingia na za ndani zinarudi, usipoteze muda kukagua nyaya.

Mwambie mhasibu akutumie ile taarifa ya kurudishwa kwa barua, nzima kama ilivyo, si picha aliyoipiga kwa simu, maana utahitaji kunakili maandishi yake. Ndani yake utakuta mstari mrefu unaoanza na IMCEAEX. Watu huuogopa, kumbe ndiyo anwani ya zamani yenyewe, imevishwa nguo za safari tu. Ondoa IMCEAEX pamoja na kistari kinachoifuata. Kata alama ya @ ya mwisho na jina la kikoa lililo baada yake. Kila mstari wa chini (_) ugeuze kuwa mkwaju (/). Kila +20 iwe nafasi, +28 iwe mabano ya kufungua, +29 ya kufunga, na +2E iwe nukta. Kisha ingia kwenye akaunti mpya ya mfanyakazi, sehemu ya anwani zake za barua, umwongezee hiyo kama anwani ya aina ya X500. Kazi imekwisha. Kama akaunti zenu zinatoka kwenye Active Directory ya ofisini na kupelekwa kwenye wingu, fanya badiliko huko ofisini, kwenye proxyAddresses, halafu usubiri usawazishaji, ambao kwa kawaida hupita kila dakika 30.

Katika mstari huo wa IMCEAEX huenda ukakutana na neno FYDIBOHF23SPDLT. Rudisha kila herufi na tarakimu nyuma hatua moja utapata EXCHANGE12ROCKS. Wahandisi nao wana utani wao. Usilifute ukidhani ni takataka. Ni sehemu ya anwani.

Kuna watakaokushauri uwaambie wafanyakazi wote wafute jina la mwenzao kwenye orodha ya Outlook. Inasaidia, ila kwa yule aliyefuta tu, na kwa ile orodha tu. Barua za zamani watakazozijibu bado zitarudi. Mimi siupendi ushauri huo. Kosa lililo kwenye seva lirekebishwe kwenye seva, mara moja, usiwasumbue watu ofisi nzima.

Ila uwe mwangalifu. Anwani ya zamani mpe mwenyewe aliyerudi. Akija mtu mwingine kushika kiti chake, usimpachike kimyakimya, kwa sababu barua zilizokusudiwa mwenzake zitaanza kumwangukia yeye. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Pata idhini ya maandishi kwanza.

Na bora zaidi usifike huko. Mtu akienda masomoni, likizo ya uzazi au uhamisho, zima akaunti, usiifute. Ikishafutwa, usikimbilie kuunda nyingine: Exchange kwa kawaida hushikilia sanduku lililofutwa kwa siku 30, na katika muda huo unaweza kulirudisha lilivyokuwa, anwani ya ndani ikiwemo.

Usione haya ni mambo madogo. Hapa kwetu ndipo penye bwawa la mwisho katika yale matano ya Seven Forks kwenye mto Tana, lililoanza kutoa umeme 1988. Mvua za 2024 zilipoyajaza mabwawa ya Tana, watu wa Garissa na Tana River walihitaji ilani za maji mapema. Ofisi inayotegemewa kwa habari kama hizo haiwezi kukaa wiki nzima na afisa asiyepata barua za wenzake.

Basi kama una sanduku la namna hiyo mezani leo, anza na ile taarifa iliyorudi. Ukishaongeza X500, mwambie mhasibu aandike tena kama alivyozoea, bila kugusa orodha yake. Itafika.