Udongo wa Rapa Nui, damu ya Majengo

Je, mahali panaweza kudai? Simaanishi serikali wala kampuni. Mahali penyewe, na watu wake.

Mwaka 1964 madaktari kutoka Kanada walifika Rapa Nui, kisiwa cha Chile katikati ya Pasifiki, wakapima watu na kuchota udongo. Baadaye maabara moja ya Montreal ikapata ndani ya udongo ule bakteria inayotengeneza dawa ya kuua fangasi. Wakaiita rapamaisini, kwa jina la kisiwa. Kama antibayotiki haikufika mbali, maana ilikuwa inalegeza kinga ya mwili. Lakini ila hiyo ndiyo ikageuka sifa: mwaka 1999 Marekani iliiruhusu itumike kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa. Sasa inajaribiwa kwa lupasi, ule ugonjwa ambao kinga inamgeukia mwenyewe na kushambulia viungo, ngozi, hata figo. Jaribio dogo la Marekani lililochapishwa 2018 lilitia moyo.

Huku Pumwani hadithi kama hii tunaijua kwa upande wa wanaochotwa. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba (Kanada tena, ona) wamekuwa wakipima damu ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono Majengo. Wachache hawakuambukizwa virusi vya UKIMWI hata baada ya miaka ya kukutana navyo. Katika kutafuta sababu, watafiti waliona seli zao za kinga zimetulia kuliko za wengine. Faida ya kinga iliyotulia, dunia imefundishwa na vichochoro vyetu.

Basi tudai nini? Wengi watasema vidonge. Leteni rapamaisini kwa bei ya Panadol, tumalizane. Hapo ndipo tutachezwa. Dawa inayoshusha kinga haibaki ile ile ukiihamisha. Kwenye chumba cha kumi kwa kumi, watu sita, jirani anakohoa TB usiku kucha, kushusha ngao ni habari nyingine. Msichana wa Majengo mwenye lupasi anahitaji kwanza daktari wa kuutambua, kabla mtaa haujaamua ati amerogwa. Apimwe TB ndiyo aanze kumeza. Halafu damu yake ifuatiliwe, mwezi baada ya mwezi, kwa faida yake yeye.

Wale wanawake walipata matibabu pia kwenye kliniki ya utafiti, sikatai. Ndiyo maana nikiambiwa kufuatilia damu ya mtu kwa miaka ni ghali mno kwa mtaa kama huu, nauliza: kwani Majengo iliwezekanaje?