Ramadhani 17: Bakuli lililovunjika



Saa kumi na mbili na robo, Maghribi inakaribia. Mumeo alisema atafuturu nyumbani, sasa simu hapokei. Mwingine angesema ni foleni tu. Wewe kifua kinabana: ameshaniacha huyu. Anapoingia na tende mkononi, anakuta nguo zake ziko nje kwenye mfuko. Na jana tu ulimwambia hakuna mume kama yeye.

Wapo kati yetu, wake kwa waume, wanaoishi hivi. Madaktari wa akili wanaiita bodalaini: hofu kubwa ya kuachwa, mapenzi yanayogeuka chuki kwa muda mfupi, kisha majuto. Si upungufu wa imani. Ni maradhi, na yanatibika, hasa kwa tiba ya mazungumzo.

Sasa swali: mtu huyu ana dhambi, au anaumwa?

Kumbuka kisa alichopokea Anas, kimo katika Bukhari. Mtume (s.a.w.) yuko kwa mmoja wa wakeze, wanazuoni wanasema ni Bibi Aisha (r.a.). Mke mwenza akaleta chakula. Bibi akaupiga mkono wa mtumishi, bakuli likavunjika. Mtume akaokota vipande, akakusanya chakula, akawaambia waliokuwepo kuwa mama yao ameona wivu. Basi. Hakumfokea. Lakini bakuli zima lilitoka nyumba ileile kwenda kulipa, na lililovunjika likabaki kwa aliyelivunja.

(Simsemi Bibi Aisha kuwa aliumwa, hasha! Wivu tunao sote.)

Wewe unayeumwa, wimbi hilo hukuliita, na hulaumiwi kwa kuja kwake. Ila nguo zirudishe kabatini mwenyewe, na uombe msamaha bila kusema "ndivyo nilivyo". Kabla hujatuma ule ujumbe, kama umesimama kaa, kama umekaa lala. Tia udhu. Hata wataalamu wa tiba hii hufundisha kuweka maji baridi usoni.

Nawe mwenzake, ukichelewa sema. Usimuulize "leo umekunywa dawa?" mbele ya watoto. Na akitaja kujiua, usiishie kwenye ruqya: mpeleke hospitali usiku huohuo.

Wanaotumia dawa, msiziache kwa sababu ya saumu. Muulizeni daktari namna ya kuzipanga daku na futari, na akisema mfungue, fungueni.

Allah azitulize nyumba zetu. Amin.