Kilichopelekwa Mbali

Programu ikiomba nafasi ya kumbukumbu, mfumo endeshi wa kompyuta huikubalia hata pale RAM, yaani kumbukumbu ya haraka iliyopo, haitoshi. Ahadi yake ni kwamba kila kitakachohitajika kitapatikana. Haukuahidi kwamba vyote vitakaa karibu kwa wakati mmoja. Nimeitafakari sana ahadi hii, maana naona ndani yake adabu ya kugawana kidogo kilichopo, na adabu hiyo watu wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, hawahitaji kufundishwa na mashine.

Umbali wenyewe ni mkubwa. Kufikia kitu kilicho kwenye RAM huchukua nanosekunde 100 hivi. Kukifuata kwenye diski ya kuzunguka, kama zile za kompyuta nyingi za mitumba, huchukua takribani milisekunde 10, yaani mara 100,000 zaidi. Tukisema safari ya kwanza ni sekunde moja, ya pili ni zaidi ya saa 27. Ndiyo maana kuamua kipi kikae karibu si jambo dogo.

Zamani mwandishi wa programu aliamua mwenyewe. Alikata kazi yake vipande, akapanga kipi kiingie na kipi kitoke, na akikosea hesabu kazi yote iliharibika. Mzigo huo ulianza kumtoka mwaka 1962, ilipozinduliwa kompyuta ya Atlas katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, chini ya Tom Kilburn. Kumbukumbu yake ya haraka ilibeba maneno elfu 16 hivi, na ngoma za sumaku zilizokuwa nyuma yake zikabeba elfu 96 hivi. Mashine iligawa kila kitu katika kurasa za maneno 512, ikawa inazihamisha yenyewe, na mwandishi akaona ghala moja tu.

Lakini ukurasa upi utoke? Mwaka 1966 László Bélády wa IBM alieleza kipimo bora: utoke ule ambao hautahitajika kwa muda mrefu kuliko mwingine wowote. Kipimo hicho kinadai kuijua kesho, na hakuna aijuaye. Basi mifumo huangalia jana: ukurasa ambao haujaguswa kitambo ndio hutolewa.

Huko Kerio, mto unapokaribia Ziwa Turkana, na kwingineko katika Kaunti ya Turkana, wafugaji wamekuwa wakipima hivyo kiangazi baada ya kiangazi. Mifugo inayokamwa hubaki karibu na awi, boma la familia, walipo watoto na wazee. Ng'ombe wengine huondoka na vijana kwenda malisho ya mbali, milimani. Aliyepelekwa mbali hajashuka thamani. Mwenyewe anamjua kwa rangi, kwa pembe na kwa alama aliyotiwa, na anajua yuko na nani. Mfumo endeshi nao una jedwali linaloonyesha kila ukurasa uko wapi. Zaidi ya hapo mambo hayo mawili hayafanani, kwa sababu ng'ombe huko aliko hula na kuzaa, na ukurasa hurudi vilevile ulivyoondoka.

Jambo ninaloliheshimu zaidi katika mpango huu ni dogo na halionekani. Kabla ya kuutoa ukurasa, mfumo hutazama kama umebadilishwa tangu ulipoletwa. Kama haukubadilishwa, nafasi yake hutolewa mara moja, maana nakala ipo kwenye diski. Kama umebadilishwa, lazima uandikwe kwanza, hata kama kuna programu inayosubiri nafasi hiyo kwa haraka. Kazi ya mtu haifutwi kwa sababu mwingine ana haraka. Ningependa ofisi zetu, zinapohamisha majalada ya watu kwenda stoo, zishike desturi hiyo kwa ukali uleule.

Hata hivyo ahadi ina mwisho wake. Yeyote aliyeketi kwenye saiba, Lodwar au Kakuma, msimu wa maombi ya mikopo ya masomo ya HELB, huenda ameuona: madirisha mengi yamefunguliwa, taa ya diski inamemeta bila kukoma, na ukurasa wa fomu umeganda. Peter Denning aliieleza hali hii mwaka 1968. Kila programu ina fungu la kurasa inazohitaji kwa wakati huo ili isonge mbele, na mafungu yote yakizidi RAM, mashine humaliza muda wake ikihamisha tu. Dawa yake ni kusimamisha baadhi ya programu ili zilizobaki zimalize. Anayesimamishwa huumia kidogo, lakini asiposimamishwa yeye, hakuna anayemaliza.

Nafasi ikiisha hata kwenye diski, mfumo endeshi wa Linux huchagua programu ya kuua, kwa kawaida ile iliyoshika kumbukumbu nyingi zaidi. Hapo moyo wangu huwa mzito, kwa sababu ukubwa wa kazi hausemi chochote juu ya umuhimu wake. Rekodi za wagonjwa zinaweza kuwa kubwa kuliko mchezo wa video. Msimamizi anaweza kuipa programu alama ya -1000, isiguswe kabisa. Alama hiyo mashine haiwezi kuibuni. Lazima mtu akae, kabla ya siku ya msongamano, aulize wanaoitegemea mashine hiyo ni kazi gani hawawezi kuikosa, kisha aiandike.