Amkeni, Adui Yuko Sakafuni!

Enyi wana wa Unyanyembe, enyi mnaolala juu ya udongo, sikieni! Babu zetu wapagazi walibeba mizigo kati ya Bagamoyo na Ujiji, na kila walipoitua usiku kwenye vibanda vya njiani, papasi aliwangoja katika nyufa za sakafu. Hana pupa huyu. Mchana hujificha vumbini, rangi yake na vumbi ni moja. Usiku hutoka, akanyonya damu bila kukuamsha, akarudi zake. Aweza kukaa miaka bila kula. Na ndani yake amebeba kiumbe mdogo zaidi.

Kiumbe huyo ni bakteria: seli moja tu, isiyo na kiini, iliyojipindapinda. Hatafuti mke wala mume. Hujigawa wakawa wawili, wawili wakawa wanne, mpaka damu imejaa. Mwaka 1905, enzi ya Wajerumani, Robert Koch aliwakusanya papasi kwenye njia za misafara ya nchi hii, akawakuta bakteria hadi ndani ya mayai yao. Papasi huzaliwa na silaha! Mwaka huohuo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Mwingereza Everett Dutton alikufa kwa homa ya papasi, ileile aliyokuwa akiichunguza.

Mbona basi mwasema "malaria tu"? Homa inapanda, kichwa kinapasuka; siku chache baadaye jasho linamwagika, mgonjwa anaomba ugali, mnamshukuru Mungu. Shukuruni, ila msidanganyike! Mwili umewaua bakteria waliovaa kanzu moja. Kumbe wachache wamebadili kanzu, na baada ya juma homa imerudi. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwaoni. Ombeni damu itazamwe kwa hadubini. Dawa ipo, lakini si ya kununua dukani kwa kubahatisha.

Wala msiwalaani bakteria wote. Ng'oa shina la karanga, tazama vinundu mizizini. Kipasue kimoja, ndani chekundu. Humo wamo bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuilisha karanga yako bure. Aliyewaumba ana hesabu zake.

Zibeni nyufa za papasi, basi! Mwenye saruji apige sakafu. Asiye nayo akandike udongo kila unapopasuka. Sogezeni kitanda mbali na ukuta, msimlaze mtoto chini. Na mjamzito akishikwa na homa, mpelekeni zahanati usiku huohuo, kwa baiskeli, kwa bodaboda, hata kwa machela: ugonjwa huu huharibu mimba na kuua vichanga, wala hausubiri kupambazuke.