Ndizi na Klorokwini

Mama yangu alikuwa na mbinu moja tu ya kutunywesha klorokwini. Anamenya ndizi mbivu, anaichana katikati kwa ukucha, anapachika kidonge, anaifumba, anakupa huku anatabasamu. Mara ya kwanza niliingia mkenge. Mara ya pili nilitafuna badala ya kumeza, kidonge kikavunjika mdomoni, na kwa miezi kadhaa kila ndizi niliyopewa nilikuwa naipasua vipande vipande kwanza, kama askari wa forodha. Malaria iliisha. Imani yangu kwa ndizi ilichukua muda zaidi.

Nimelikumbuka hilo nikiwa Amani, juu kwenye milima ya Usambara Mashariki, kwa dada yangu anayefundisha darasa la kwanza. Na kama kuna mahali pa kukumbuka dawa chungu, ni pale. Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti wa mimea mwaka 1902, miongoni mwa miti waliyoileta kutoka mbali ni ule wa kwinini, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia dawa ya askari wao ilitengenezwa pale pale Amani.

Nilikaa darasani kwa dada siku tatu, nyuma kabisa, magoti yakigusa kidevu. Mpwa wangu ni mwanafunzi wake. Shuleni anamwita mwalimu, nyumbani mama, na sijamsikia akichanganya hata mara moja. Darasa linachangamka kweli: silabi zinaimbwa kwa makofi na kiuno kidogo, ma, me, mi, mo, mu, na mpwa wangu ndiye sauti ya juu kuliko wote. Nikasema moyoni, huyu anasoma vizuri.

Dada akaandika "mu" ubaoni, peke yake, akamnyooshea kidole. Mtoto akanyamaza. Kisha akaanza kuimba polepole, chini kwa chini, kutoka "ma", akashuka nao mpaka akafika. "Mu!" Darasa zima likampigia makofi matatu, na mimi nikapiga.

Jioni dada anachambua mchicha, akaniuliza, "We unaona anasoma? Yule anaimba."

Sikuwa na jibu, kwa sababu na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Jedwali la saba nililiimba bila kukosea hata tarakimu, mpaka siku mwalimu mmoja aliponiuliza saba mara nane bila wimbo. Nikaanza, saba mara moja saba. Akasema, sitaki kuimbiwa. Nilipata viboko viwili, na hadi leo nikifika saba mara nane mkono unakumbuka kabla ya kichwa. Kwa hiyo wale wanaosema shule za zamani zilikuwa shule kweli, za sasa ni michezo tu, wasinihesabu. Kiboko kilinifundisha kuogopa saba. Hamsini na sita nilikuja kuijua baadaye kabisa, kwa kuuza maandazi ya shangazi.

Lakini swali la dada limebaki kwangu, na naliona ni la maadili kabla hata halijawa la ualimu. Tuna haki ya kumfurahisha mtoto kwa kitu ambacho bado hakijui? Yale makofi matatu yalikuwa ya nini hasa?

John Locke, mwanafalsafa Mwingereza aliyesomea pia udaktari, aliandika kuhusu malezi mwaka 1693 akashauri herufi zibandikwe kwenye dadu, mtoto azirushe na kuzicheza, ajikute anasoma bila kujua kwamba hicho ndicho alichokuwa akifanya. Hata neno alilolitumia lina harufu ya ulaghai, na sidhani kama lilimsumbua. Ni ndizi ya mama, karne tatu kabla ya mama. Kwenye mihadhara yake ya malezi iliyochapishwa mwaka 1803, Kant alilipinga wazo hilo: mtoto acheze, ndiyo, lakini ajifunze pia kufanya kazi, na ukimzoesha kuona kila kitu ni mchezo unamharibu. Kant hakuwa na mtoto, mtasema. Kweli, ila Locke naye hakuwa naye.

Mimi sikubaliani na wote wawili, na kwa sababu ile ile. Wote wanaanza na dhana kwamba elimu ni chungu. Mmoja anaifunika, mwingine anataka mtoto azoee. Hivi nani amemwambia mtoto wa miaka sita kwamba kuhesabu kunauma? Watoto wa Amani wanahesabu mawe ya mdako bila kubembelezwa na mtu. Wanajua nani kadaka mangapi, nani kaiba zamu, na ukikosea wanakukatalia hapo hapo. Habari ya uchungu tunawapelekea sisi. Tunawapelekea kwa kiboko, na tunawapelekea pia kwa sukari, maana mtoto akiona kila somo limepakwa asali anajiuliza, kama mimi na ndizi, humu mmefichwa nini?

Sisemi nyimbo zifutwe. Tangu mtaala wa 2015 madarasa mawili ya mwanzo yameelekezwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mwalimu mwenye darasa lililojaa mpaka mlangoni wimbo ndio msaidizi wake pekee asiyedai mshahara. Wala sina ugomvi na katuni. Ubongo Kids ilipoanza kuonekana TBC1 mwaka 2014 nilikuwa mtu mzima na bado niliitazama, na ningependa ingekuwepo zama zangu za saba mara nane. Kinachonikera ni mchezo ambao mtoto hawezi kushindwa ndani yake. Huo unamficha mtoto kwa mwalimu, na unamficha kwa nafsi yake.

Siku ya tatu dada alifungua duka. Vizibo vya soda ndiyo pesa, na bidhaa zimetoka nyumbani kwa watoto wenyewe: iliki, magome ya mdalasini, pilipili manga, vitu ambavyo wazazi wao wanalima na kuuza kila msimu. Mpwa wangu akapewa duka. Binti mmoja akanunua iliki ya vizibo vitatu, akatoa kumi, akarudishiwa vinane. Akavitazama, akavikunja kwenye ngumi, akaenda zake. (Alijua. Hilo ni somo jingine, na dada aliniambia ameliweka kiporo.) Wateja watatu baadaye iliki imeisha na kopo halina kitu. Watoto wakapiga kelele, duka limefilisika!

Akalia. Mbele ya wenzake wote.

Mfukoni nilikuwa na vizibo viwili nilivyookota uani, na mkono ulishaanza kwenda kwenye kopo. Dada alinitazama tu, nikaurudisha. Sikujisikia vizuri. Nilijiuliza huku si kuchapwa kwa njia nyingine, na bado sina uhakika kwamba naweza kuitenganisha aibu ile na ile ya viboko vyangu. Ninachojua ni kwamba hapakuwa na mtu mwenye hasira na hapakuwa na mtu aliyemdanganya. Kopo ndilo lililomwambia. Akajifuta kamasi kwa mkono wa shati, akaviomba vile vizibo, akakaa chini akavipanga kumi kumi mpaka kengele ya kutoka, wenzake wakiwa wameshaanza jambo jingine.

Plato alisema watoto wafundishwe kwa kucheza na si kwa nguvu, ili mlezi aone kila mmoja ana maumbile gani. Yaani mchezo ni dirisha la mwalimu. Wimbo wa "mu" ulikuwa pazia.

Usiku umeme ukakatika, tukategeana vitendawili. Zamu yake ikafika.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mama kavaa kijani, watoto weusi wamejibana tumboni."

"Papai," nikasema, na nilikuwa na uhakika.

"Siyo. Nipe mji, mjomba."

Nikampa Muheza. Akasema Muheza keshafika, anataka Tanga. Nikampa Tanga na bandari yake. Akaenda, akala samaki, akarudi, akasema ni iliki. Nikalalamika kwamba papai nalo kijani, nalo lina watoto weusi, kwa hiyo nirudishiwe angalau nusu ya mji. Akafikiri muda mrefu gizani, nasikia anavihesabu kitu kwa vidole.

"Hapana," akasema.