Neno na Deni Lake

Yasemwa kuwa mtu ameelewa neno awezapo kutaja maana yake. Kipimo hiki ni chepesi mno. Kasuku huweza kutamka neno, na kamusi huweza kulifasiri, lakini hakuna awezaye kumdai kasuku wala kamusi kwa ajili ya neno hilo.

Tutazame neno jamaa. Katika kituo cha mabasi cha Bunda, njiani baina ya Musoma na Mwanza, mpiga debe humwita kila msafiri jamaa yake. Msafiri akionekana hana nauli, ujamaa huo hukoma papo hapo. Hapana aliyedanganywa, kwa kuwa wote wawili wajua kwamba neno limepigwa kama kengele tu. Lakini nyumbani, tuseme Butiama, jamaa ni mtu mwenye haki ya kubisha hodi usiku akiwa na njaa. Neno ni moja. Deni si moja.

Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akalelewa katika Kizanaki, akaanza shule Musoma mwaka 1934. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Hata hivyo, mwaka 1962 aliliteua neno ujamaa liwe jina la siasa yake, na aliliteua pamoja na deni lake la nyumbani. Katika maandishi yake ya mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini alishikilia kuwa watu wajiunge kwa hiari. Mwaka 1973 ilitolewa amri kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wanakaa vijijini, na mahali pengi walihamishwa kwa nguvu. Herufi za neno hazikubadilika hata moja.

Huenda msomaji akasema kuwa maneno hugeuka kwa matumizi, na matumizi mapya ndiyo maana mpya. Ni kweli, wala si kosa. Lakini aliyebomoa nyumba ya mwenzake kwa jina la ujamaa hakulitungia neno maana mpya. Alitaka liaminiwe kwa maana yake ya zamani, huku yeye akitenda kinyume chake. Huyo alikopa imani ya watu bila nia ya kulipa.

Basi haitoshi kuulizana neno lina maana gani. Yatupasa kuuliza pia: nikilitamka, nani apata haki ya kunidai, naye atanidai nini? Asiyeweza kujibu amejifunza sauti ya neno. Neno lenyewe bado hajalijua.