Jina Moja, Milango Miwili

Sheria ikimkataza mtu kupita mlango wa mbele, kisha ikamwacha apite wa uani, mtu huyo amekatazwa nini hasa? Swali hili la haki limepata mfano katika Python, lugha ya kuandikia programu ambayo Guido van Rossum aliitoa kwa umma mwaka 1991.

Katika lugha hiyo faili la maagizo huwa moduli, na jina la faili ndilo jina la moduli. Amri ya import ni kali: jina lianze kwa herufi au kistari cha chini, lifuatwe na herufi, tarakimu au kistari hicho, wala lisiwe miongoni mwa maneno ambayo lugha imejitengea. Mwanafunzi akiita faili lake hesabu-mpya.py, kompyuta huliendesha bila swali, kwa kuwa faili liendeshwalo moja kwa moja hupewa jina __main__, na jina lake la asili halikaguliwi. Siku atakapoliagiza kutoka faili lingine kwa import, hukataliwa. Wala haambiwi kuwa jina ni baya, bali huambiwa amekosea sarufi. Mwenzake ajuaye import_module, iliyoingia katika toleo la 3.1 mwaka 2009, huandika jina lile lile ndani ya alama za kunukuu, na mlango hufunguka.

Hapana hila katika jambo hili. Jina liagizwalo kwa import hutumika katika maagizo yafuatayo, na humo kistari ni alama ya kutoa: hesabu-mpya ingesomwa kuwa hesabu ikitolewa mpya. Import_module hupokea jina kama maandishi tu, na mwombaji hujichagulia jina la kulitumia. Kila mlinzi, basi, ana hoja yake. Lakini mgeni hadhani kuwa kanuni ni ya mlango. Hudhani ni ya jina. Pale mjuzi aonapo kanuni mbili, yeye huona mlinzi kigeugeu.

Wako wapendao mlango wa uani ufungwe, ili sheria iwe moja. Usawa huo ungekuwa wa gharama mbaya, maana ungevunja programu za watu walioutegemea kwa miaka, nao hawakuvunja sheria yoyote. Deni liko kwa mlinzi wa kwanza kabisa. Alipolipokea hesabu-mpya.py alikuwa na nafasi ya kusema kwamba jina hilo litazuiwa mbele ya safari. Hunyamaza, na mwanafunzi huendelea kujenga juu ya jina hilo.